Nani Akae Mezani? Bodi za Wadau na Utafiti wa Kahawa



Katika vikao vya kamati za parokia, hasa sehemu zinazolima kahawa, kuna swali ambalo hurudi mara kwa mara: "Hao watafiti wanatusaidia nini sisi?" Ni swali la haki. Mkulima hukatwa fedha kwenye mauzo yake, serikali hutenga bajeti, na wafadhili kutoka nje huchangia, yote kwa jina la utafiti. Hata hivyo, mara nyingi mkulima mwenyewe hajui ni nani aliyeamua jambo gani litafitiwe, wala majibu yake yameishia wapi.

Katika makala hii tunapenda kueleza chombo ambacho kiliundwa ili swali hilo lipate mahali pa kuulizwa. Chombo hicho ni bodi ya wadau, ambayo wengine huiita bodi ya ushauri ya tasnia. Tutaeleza ni kitu gani, hufanyaje kazi, hufaa wapi na huharibu wapi. Mfano wetu mkubwa ni kahawa ya Tanzania, kisha tutatazama Kenya na Kolombia, na mwisho tutatoa tahadhari moja kutoka Marekani.

BODI YA WADAU NI NINI?

Taasisi ya utafiti ina wataalamu wanaojua magonjwa, mbegu, udongo na wadudu. Lakini mtaalamu anaweza kukaa maabara miaka kumi akitafuta jibu la swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana taasisi nyingi duniani zimejiwekea utaratibu wa kukaa mara kwa mara na watu wanaoishi kwa zao au bidhaa inayotafitiwa: wakulima, wanunuzi, wenye viwanda, wasafirishaji na serikali.

Kuna ngazi mbili ambazo ni vema kuzitofautisha. Ya kwanza ni bodi ya ushauri. Hii hutoa maoni tu. Husikiliza mipango ya watafiti, husema tatizo gani lina uzito kuliko jingine, na hueleza kama jibu lililopatikana linatumika shambani au sokoni. Mkurugenzi wa taasisi anaweza kuyakubali maoni hayo au kuyaacha.

Ya pili ni bodi ya wakurugenzi iliyoundwa na wadau wenyewe. Hii ina mamlaka kisheria. Hupitisha bajeti, huajiri mkurugenzi na humwajibisha. Hapa wadau si wageni waalikwa tena, bali ndio wenye nyumba.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kamati ikiambiwa kwamba "wakulima wanashirikishwa" katika mradi fulani, swali la kwanza liwe: wanashirikishwa kwa kushauri, au kwa kuamua?

KAHAWA YA TANZANIA: TULIKOTOKA

Mkoani Kagera watu walilima na kutafuna kahawa ya Robusta kabla ya ukoloni. Kahawa ya Arabika ya Kilimanjaro kwa kawaida huhesabiwa kuanza mwaka 1898 katika misheni ya Kilema, ambako wamisionari Wakatoliki waliipanda na kuwagawia wananchi miche. Kutoka hapo ikaenea mlimani kote. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 kikaandikishwa chama cha ushirika cha KNCU. Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa Lyamungu, chini ya mlima huohuo.

Kwa miaka mingi Lyamungu kilikuwa kituo cha serikali. Wataalamu wake walichagua aina za kahawa zenye ladha nzuri, kama vile N39 na KP423, ambazo mababu zetu walizipanda na ambazo bado zimesimama katika vihamba vingi. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: aina hizo hazikuwa na kinga dhidi ya magonjwa mawili makubwa.

La kwanza ni chulebuni. Ugonjwa huu uligunduliwa Kenya mwaka 1922, na katika miaka ya 1960 ukawa umeingia Tanzania. Hushambulia buni changa ingali kijani, huifanya iwe na madoa meusi yaliyobonyea, kisha buni hukauka au huanguka. Mwaka wa mvua nyingi na baridi, mkulima asiyepiga dawa anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno yake. La pili ni kutu ya majani, inayoacha unga wa rangi ya chungwa chini ya jani mpaka jani linaanguka. Ugonjwa huu ndio uliomaliza kahawa ya Sri Lanka baada ya kuonekana huko mwaka 1869, na nchi hiyo ikageukia chai.

Upande wa Robusta, katika miaka ya 1990 Kagera ilivamiwa na mnyauko fuzari. Huo hauna dawa. Mti ukishaugua hung'olewa na kuchomwa moto.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme yuko mama mjane mwenye miti 300 ya Arabika ya zamani. Ili apate buni, inambidi apige dawa mara kadhaa kila msimu. Anunue dawa, akodi bomba, amlipe kijana wa kupiga, kisha asubiri bei. Bei ikiwa nzuri, hubaki na ada ya shule. Bei ikianguka, huacha kupiga dawa, na mwaka unaofuata chulebuni hummalizia kilichobaki.

Ndicho kilichotokea. Soko la kahawa nchini lilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika msimu wa 1994/95, na pembejeo za mkopo kupitia ushirika zikapungua. Kisha bei ya dunia ikaporomoka. Miaka ya 2001 na 2002 wastani wa bei uliotolewa na Shirika la Kahawa la Kimataifa ulikuwa chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili moja. Wakulima wengi waliacha kahawa porini, wengine waling'oa na kupanda mahindi, nyanya au ndizi. Wakati huohuo fedha za serikali kwa vituo vya utafiti zilikuwa zimepungua sana. Watafiti walikuwepo, lakini hawakuwa na mafuta ya gari ya kumfikia mkulima.

WADAU WANACHUKUA UTAFITI MIKONONI

Katika hali hiyo ndipo wadau wa kahawa na serikali walipokubaliana kwamba utafiti usiachwe ufe, bali uendeshwe na tasnia yenyewe. Ikaundwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), kampuni isiyogawana faida, ambayo ilianza kazi Septemba 2001. Makao makuu yalibaki palepale Lyamungu, na vituo vidogo vikawekwa katika kanda nyingine zinazolima kahawa, vikiwemo Maruku kwa Kagera, Mbimba kwa Mbozi na Ugano kwa Mbinga. Chai ilikuwa imetangulia: taasisi ya utafiti wa chai yenye mfumo wa namna hiyo, TRIT, ilianzishwa mwaka 1996.

Tofauti kubwa ilikuwa katika meza ya maamuzi. Bodi ya taasisi hii mpya ilibeba wawakilishi wa tasnia: wakulima wadogo na vyama vyao, wenye mashamba makubwa, wanunuzi, pamoja na serikali. Fedha nazo zilitoka pande tatu. Wadau walikubali sehemu ndogo ya mauzo ya kahawa iende kwenye utafiti, serikali ikachangia, na Umoja wa Ulaya ukatoa msaada mkubwa katika miaka ya mwanzo.

Je, meza hiyo ilileta nini? Hapa tuseme ukweli bila kuongeza chumvi. Kazi ya kuchanganya mbegu ili kupata kahawa yenye kinga haikuanza mwaka 2001. Ilikuwa imeanza miongo mingi kabla, chini ya serikali. Mbegu yenye kinga haipatikani kwa mwaka mmoja. Kinga dhidi ya kutu, kwa mfano, imechukuliwa katika nchi nyingi kutoka kwenye mti ulioonekana kisiwani Timor katika miaka ya 1920, ambao ulikuwa mchanganyiko wa asili wa Arabika na Robusta. Kuihamisha kinga hiyo kwenda kwenye kahawa yenye ladha ya Kilimanjaro kunahitaji kuchavusha, kupanda, kusubiri miaka mitatu au zaidi mti uzae, kupima, kuchagua na kurudia tena. Mtafiti aliyeanza anaweza kustaafu kabla ya kuona mwisho.

Kwa hiyo bodi ya wadau haikuumba mbegu mpya. Ilichofanya ni kusukuma kazi iliyolala itoke kwenye mashamba ya majaribio iende kwa mkulima, na kulifanya jambo hilo liwe la kwanza katika mipango. Kuanzia mwaka 2005 zilitolewa rasmi aina mpya za Arabika zenye kinga dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, zikifuatiwa baadaye na aina fupi zinazoweza kupandwa kwa kubanana zaidi. Kwa upande wa Robusta zilitolewa aina 4 zinazostahimili mnyauko fuzari. Kwa jumla ilifika aina 19 za Arabika na 4 za Robusta.

Turudi kwa yule mama mwenye miti 300. Kwake maana ya aina 19 si namba. Maana yake ni kwamba akipanda miche hiyo hahitaji tena kununua dawa ya chulebuni na kutu. Fedha iliyokuwa ikienda kwenye bomba inabaki nyumbani, na mwaka wa bei mbaya haumlazimishi kuacha shamba. Vilevile sumu inayopigwa karibu na ndizi, maharage na maji ya mfereji inapungua.

TATIZO LA PILI: MICHE

Hapa wadau walikutana na somo jingine. Aina hizi ni chotara. Ukichukua buni yake na kuipanda hovyo, watoto hawatafanana na mama, na kinga inaweza kupotea. Kwa hiyo miche huzalishwa kwa vikonyo, yaani vipande vya matawi machanga vinavyooteshwa chini ya nailoni, au kwa kubebesha, au kwa mbegu iliyochavushwa kwa mkono.

Kituo kimoja cha utafiti hakiwezi kuzalisha miche ya nchi nzima. Tanzania ina kaya zipatazo 400,000 zinazolima kahawa, na zaidi ya asilimia 90 ya kahawa yote hutoka kwa wakulima wadogo. Hata kama kila kaya ingetaka miche 100 tu, hiyo ni miche milioni 40.

Suluhisho lilikuwa kuvipa vikundi vya wakulima, vyama vya ushirika na halmashauri bustani mama, na kuwafundisha kuzalisha vikonyo wenyewe. Mtafiti akiwa peke yake angeweza kuridhika kwamba ameshatoa aina mpya na kuandika ripoti yake. Mkulima aliyekaa mezani huuliza swali linalofuata: "Miche iko wapi?" Swali hilo dogo ndilo linalotenganisha utafiti uliokamilika na utafiti uliofika.

Ni vema kamati zetu zilielewe hili, kwa sababu parokia nyingi zina ardhi, zina maji na zina vikundi vya akina mama na vijana. Kitalu cha vikonyo hakihitaji jengo la ghorofa. Kinahitaji bustani mama yenye aina zilizothibitishwa, kivuli, maji safi, mtu aliyefundishwa na daftari la kumbukumbu.

MAJIRANI WALIJIFUNZA NINI?

Kenya ilitoa aina yake yenye kinga, Ruiru 11, mwaka 1985. Kitaalamu ilikuwa kazi kubwa: mti mfupi, unaozaa mapema, wenye kinga dhidi ya chulebuni na kutu. Lakini yalijitokeza malalamiko mawili. Mbegu yake ilibidi ichavushwe kwa mkono, kwa hiyo ikawa haba. Na baadhi ya wanunuzi walisema ladha yake haifikii ile ya SL28 ya zamani. Mkulima anayeuza kwa ladha hawezi kulipuuza neno la mwonjaji. Mwaka 2010 ikatolewa aina nyingine, Batian, iliyotafutwa ili kuunganisha kinga na ladha iliyozoeleka.

Kutoka hapo tunaona kwa nini mnunuzi na mwonjaji nao wanahitaji kiti mezani tangu mwanzo. Mkulima atasema kuhusu gharama na kazi. Mnunuzi atasema kuhusu kikombe. Ukimwacha mmoja wao nje, utagundua kosa baada ya miaka ishirini.

Vilevile Kenya inatukumbusha kwamba vyombo hivi hubadilika. Kwa sheria ya mwaka 2013 taasisi za utafiti wa kahawa na chai zilizokuwa karibu sana na tasnia ziliunganishwa na nyingine chini ya shirika moja la taifa, KALRO. Iwe ni kwa faida au hasara, jambo la kuangalia ni lilelile: baada ya mabadiliko, mkulima anakaa wapi, na sauti yake inapita mlango gani?

MFANO WA KOLOMBIA

Nchi ambayo imekwenda mbali zaidi katika jambo hili ni Kolombia, huko Amerika ya Kusini. Wakulima wa kahawa huko waliunda shirikisho lao la taifa mwaka 1927, na mwaka 1938 shirikisho hilo likaanzisha kituo chake cha utafiti, Cenicafé. Fedha hutokana na makato kwa kila ratili ya kahawa inayouzwa nje. Wakulima hupiga kura kuchagua kamati za wilaya na za mikoa, na wawakilishi wa mikoa hukaa katika kamati ya taifa pamoja na mawaziri wa serikali.

Mfumo huo uliwapa kitu ambacho wafadhili wengi hawawezi kutoa, yaani uvumilivu. Kutu ya majani ilipoonekana Brazili mwaka 1970, Wakolombia hawakuwa nayo bado, lakini watafiti wao walikuwa tayari kazini wakitafuta mbegu yenye kinga. Waliendelea kulipia kazi hiyo mwaka hadi mwaka, wakati hakuna jani hata moja lililokuwa limeugua nchini mwao. Aina ya kwanza ikatolewa mwaka 1982. Kutu iliingia Kolombia mwaka 1983.

Hata hivyo habari haiishii hapo. Wakulima wengi waliendelea na aina za zamani kwa sababu walizizoea. Kati ya mwaka 2008 na 2011 mvua zilizidi, mbolea ikapanda bei, na kutu ikalipuka. Uzalishaji wa nchi ulishuka kutoka magunia zaidi ya milioni 12 mwaka 2007 hadi chini ya milioni 8 mwaka 2009. Sehemu ya upungufu ilitokana na miti iliyokatwa ili kupandwa upya, lakini kutu ilikuwa sababu kubwa. Ndipo kazi ya kupanda upya kwa aina zenye kinga ikaongezwa kasi nchi nzima, na mwaka 2013 uzalishaji ukavuka tena milioni 10.

Kwa hiyo hata bodi nzuri inaweza kuwa na jibu kabatini. Bado inahitajika kazi ya kumfikia mkulima mmoja mmoja, na kazi hiyo ndiyo kamati za vijijini zinazoiweza kuliko maprofesa.

TAHADHARI: BODI INAPOGEUKA KUWA KIFUNIKO

Mpaka hapa tumesifu. Lakini si haki kuwaachia wasomaji wetu picha ya upande mmoja. Iko bodi moja ya ushauri ya tasnia ambayo historia yake inatakiwa isomwe na kila anayechangia fedha za utafiti.

Mwaka 1954 makampuni ya sigara ya Marekani yalikuwa na hofu. Tafiti zilikuwa zimeanza kuonyesha uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu. Januari ya mwaka huo yalitangaza katika mamia ya magazeti kwamba yanajali afya za watu na kwamba yanaunda kamati ya utafiti. Kamati hiyo ilikuwa na bodi ya ushauri ya wanasayansi wenye sifa, na ilitoa fedha kwa vyuo vikuu. Mwaka 1964 ilibadilishwa jina na kuitwa Baraza la Utafiti wa Tumbaku.

Kwa nje kila kitu kilionekana safi. Kwa ndani, lengo la waliolipa lilikuwa kuwafanya watu waamini kwamba jambo bado halijulikani, ili waendelee kuvuta. Fedha nyingi zilikwenda kwenye maswali yaliyo mbali na sigara yenyewe. Baraza hilo lilivunjwa kufuatia makubaliano ya mwaka 1998 kati ya makampuni hayo na majimbo ya Marekani. Mwaka 2006 mahakama ya shirikisho huko Marekani iliamua kwamba makampuni yalikuwa yamewadanganya wananchi kwa miongo mingi kuhusu madhara ya sigara.

Tunajifunza nini? Kuwepo kwa bodi, hata yenye watu wenye shahada kubwa, si uthibitisho wa ukweli. Kuna mstari ambao haupaswi kuvukwa. Wadau wana haki ya kuuliza swali, lakini hawana haki ya kuamuru jibu. Mkulima anaweza kumwambia mtafiti, "Tafuta dawa ya mnyauko." Hawezi kumwambia, "Sema kwamba mnyauko haupo." Mnunuzi anaweza kuomba aina fulani ipimwe ladha. Hawezi kuzuia matokeo yasitangazwe kwa sababu hayakumpendeza.

Katika kahawa hatari hiyo huja kwa sura ndogo zaidi. Anaweza kuwepo mjumbe anayeuza dawa za kupiga, na taasisi inataka kusambaza miche isiyohitaji dawa. Si lazima mtu huyo awe mbaya. Lakini lazima kila aliyekaa mezani ajue anauza nini, na siku ya kujadili jambo linalogusa mfuko wake, akae pembeni.

KITI CHA MKULIMA MDOGO

Liko jambo jingine ambalo ni la kimya zaidi. Mara nyingi katika bodi hizi mkulima mdogo ana kiti, lakini hana sauti. Kikao hufanyika mjini. Makabrasha huletwa asubuhi ya kikao, kurasa themanini kwa Kiingereza. Mwenye shamba kubwa amekuja na mhasibu wake, mnunuzi amekuja na takwimu za soko, na mwakilishi wa wakulima amekuja na nauli ya kuazima. Mwisho wa siku kumbukumbu zitaandikwa kwamba wakulima walishirikishwa.

Hili si kosa la mkulima. Ni kosa la utaratibu, na linarekebishika. Makabrasha yatafsiriwe kwa Kiswahili na yapelekwe wiki mbili kabla. Mwakilishi apewe nauli na posho mapema, si baada ya kikao. Wawe wawakilishi wawili badala ya mmoja, na walau mmoja awe mwanamke, kwa sababu katika vihamba vyetu wanawake ndio wanaochuma, wanaobeba na wanaoanika, ingawa jina kwenye kitabu cha chama mara nyingi ni la mwanaume. Na akirudi, awe na siku ya kutoa taarifa kwa waliomtuma. Mwakilishi asiyerudi kutoa taarifa anajiwakilisha mwenyewe.

FEDHA ZA WAFADHILI ZIKIISHA

Kwa ndugu zetu wafadhili tunapenda kusema neno moja kwa uwazi. Mradi wa miaka mitatu hauwezi kuzaa mbegu ya kahawa. Fedha inayokuja kwa kishindo na kuondoka ghafla huacha majaribio yameota magugu, na miti iliyosubiriwa miaka kumi huachwa bila kupimwa. Kolombia ilifaulu kwa sababu fedha yake ilikuwa ndogo kwa kila ratili lakini ilikuja kila mwaka.

Msaada wa nje hufaa zaidi unapokuja kuongezea mchango wa wadau wenyewe, si kuuchukulia nafasi. Mkulima anayechangia hata shilingi chache kwa kilo ana haki ya kusimama kikaoni na kuuliza. Asiyechangia kitu huambiwa ashukuru. Mkono mtupu haulambwi.

Upande wa pili ni huu pia: mkulima akikatwa, aone. Makato ambayo hayaandikwi kwenye stakabadhi, wala matumizi yake hayasomwi hadharani, huzaa manung'uniko, na manung'uniko huua hata mpango mzuri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

Tunapendekeza kila kamati itenge saa moja katika kikao chake kijacho kujadili maswali haya. Yanafaa kwa kahawa, na yanafaa pia kwa korosho, pamba, maziwa, au mradi wowote wenye bodi.

1. Je, tunamfahamu kwa jina anayetuwakilisha katika chombo kinachoamua mambo ya utafiti wa zao letu? Alichaguliwa na nani, na lini alitoa taarifa mara ya mwisho?

2. Chombo hicho kinashauri tu au kinaamua?

3. Ni nani wamekaa mezani? Ni nani hawapo?

4. Fedha zinatoka wapi? Kila mlipaji anauza nini?

5. Matokeo yasiyowapendeza wanaolipa, je, yanatangazwa?

6. Ni tatizo gani moja la shambani ambalo tungependa litafitiwe kwanza? Liandikwe kwa sentensi mbili na lipelekwe kwa maandishi.

7. Kama jibu lipo tayari, mfano miche yenye kinga, kwa nini halijatufikia? Sisi wenyewe tunaweza kufanya nini?

Swali la sita na la saba ni muhimu kuliko yote. Kamati nyingi hulalamika kwamba hazisikilizwi, lakini hazijawahi kuandika barua. Barua yenye sentensi mbili, mhuri wa kikundi na majina ya wakulima waliosaini, ikipelekwa kwenye kituo cha utafiti cha kanda na nakala kwa mwakilishi wenu, ni mwanzo mzuri. Mtafiti mwadilifu ataipokea kwa furaha, maana naye amechoka kujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Tunawaomba kamati zitakazojadili makala hii zituandikie majibu ya swali la sita, ili katika toleo lijalo tuweze kuyaweka pamoja na kuyapeleka panapohusika. Penye wengi hapaharibiki neno.